Losheni isiyonata: ina nini ndani, na kwa nini usome lebo yake

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikishika Karagwe na Kyerwa, ngozi hukauka, magoti hupauka na visigino hupasuka. Wengi huacha mafuta ya mgando kwa sababu yanashika vumbi, wakanunua losheni inayoingia haraka kwenye ngozi.

Kinachoifanya iingie haraka mara nyingi ni mafuta mepesi yaitwayo esta. Geuza chupa usome lebo: utaona maandishi ya Kiingereza kama Isopropyl Myristate au Isopropyl Palmitate.

Esta hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha asidi ya mafuta na alkoholi. Asidi ya palmiteti hupatikana kwa wingi kwenye mawese. Ile ya miristeti ilipewa jina la mti wa kungumanga, unaolimwa Zanzibar, ingawa imo pia kwenye mafuta ya nazi.

Mafuta haya hutandaa vizuri na hujaza nafasi kati ya magamba madogo ya ngozi kavu, ndiyo maana ngozi hulainika. Tena hayaingii harufu upesi kama samli. Kwa watu wengi hayana madhara, ila mwenye chunusi anaweza kuona zinaongezeka.

Lakini esta ina kazi nyingine. Hulegeza kidogo tabaka la juu la ngozi, na kile kilichochanganywa nayo hupenya kwa urahisi zaidi. Watengenezaji wa dawa za kupaka huitumia kwa sababu hiyo. Hatari huja pale mtu anapokoroga losheni na krimu za kujichubua, yaani mkorogo. Esta haichagui: dawa huipitisha, na sumu huipitisha.

Zebaki ikiingia mwilini huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Krimu kali za steroidi, zikipakwa muda mrefu bila daktari, huifanya ngozi kuwa nyembamba. Haidrokwinoni nayo inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka kirahisi.

Kwa hiyo, msikilizaji, uwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, zingatia haya:

- Usinunue losheni iliyopimwa kwenye kopo lisilo na lebo. Tangu 2019, vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS.
- Ukiona Mercury, Calomel, Hydroquinone au Clobetasol kwenye lebo ya kipodozi, kirudishe.
- Usichanganye losheni na tyubu ya dawa, hata kama jirani amekwambia inang'arisha.
- Losheni mpya ijaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono, usubiri siku moja.
- Kama umeshatumia mkorogo, nenda kituo cha afya na ubebe kopo lenyewe, ili mhudumu aone ulichopaka.