Si Aibu Kuishi Palipolala Farasi

Anayesafiri kutoka Nyeri mjini kuelekea Nanyuki, akaiacha Kiganjo nyuma yake, akapita Chaka na Naro Moru huku Mlima Kenya ukiwa upande wake wa kulia, hatakosa kuona katika baadhi ya mashamba majengo ya mawe ambayo si nyumba, si maghala, wala si makanisa. Ni marefu na membamba. Yana milango iliyokatwa katikati, nusu ya juu ikifunguka peke yake na ya chini ikibaki imefungwa. Na karibu na paa yana matundu mapana ya kupitisha hewa. Hayo ni mabanda ya farasi yaliyoachwa na walowezi. Mengi leo yamejaa majani ya ng'ombe, magunia ya viazi na majembe yaliyovunjika mipini. Mengine yamebomolewa na mawe yake kuuzwa kwa lori.

Nasema, bila kumung'unya maneno, kwamba mabanda haya yanafaa kugeuzwa makao ya watu, hususan ya wale ambao familia zetu zimezoea kuwasahau wakati wa kugawa mashamba. Lakini nasema pia kwamba kazi hiyo haianzii kwa fundi, wala haimaliziki kwa saruji.

Tuanze na historia, maana jiwe lisilosimuliwa ni jiwe tu. Kabla ya kuja kwa wageni, wenyeji wa nyanda hizi hawakufuga farasi. Waliowaleta walikuwa walowezi, wakiwemo askari waliopewa ardhi chini ya mpango wa serikali ya kikoloni wa 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Barabara zilikuwa za matope na reli haikufika Nanyuki hadi 1930. Farasi ndiye aliyekuwa gari na jicho la bwana shambani. Nyanda za juu hazikuwa na mbung'o wa kumdhuru, lakini kulikuwa na adui mwingine: maradhi makali ya farasi yanayoenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma tangu jua linapokaribia kuchwa hadi alfajiri. Dawa ya kwanza ya maradhi hayo ilikuwa kumwingiza farasi ndani kabla ya magharibi na kumfungia hadi kupambazuke. Ndiyo sababu mnyama huyo alijengewa kuta nene za mawe, paa madhubuti na sakafu isiyotuama maji.

Naye saisi, yaani mtumishi aliyemlisha, aliyempiga brashi na kumtandika farasi huyo, alilala wapi? Alilala katika kibanda cha udongo na nyasi pembezoni mwa shamba, kipande kikiwa kimening'inia shingoni mwake. Kibanda hicho hakikuwa chake. Siku ambayo bwana alimchukia, alifungasha virago na kuondoka pamoja na mke na wanawe. Ilipofika 1954, wakati wa hali ya hatari, zaidi ya watu 1,000,000 wa jamii za eneo hili walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Katika miaka hiyo yote farasi alikuwa na chumba chake.

Chumba hicho kilikuwa na ukubwa gani? Kipimo cha kawaida cha chumba cha farasi mmoja ni futi 12 kwa 12. Sasa nenda Majengo mjini Nyeri, au Likii kule Nanyuki, ukatafute chumba cha kupanga. Utaonyeshwa chumba cha futi 10 kwa 10, na humo ndimo familia nzima hupika, hula, husoma na kulala. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Zaidi ya miaka 60 baada ya Uhuru, wapo watoto wetu wanaolelewa katika nafasi ambayo mlowezi angeiona kuwa finyu kwa mnyama wake.

Baada ya mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulioanza 1962, na baada ya wananchi kuungana katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi, mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa. Nyumba kubwa ya bwana ikawa shule, ofisi au makao ya aliyeangukiwa na sehemu hiyo. Banda la farasi likabaki yatima, kwa kuwa kila aliyelirithi aliliona kama kitu cha kubomolewa siku atakapopata pesa.

Jambo hili nimelishuhudia kwa karibu katika ukoo wetu. Marehemu kaka yangu aliacha shamba si mbali na Naro Moru, na ndani yake banda la vyumba 4 vya farasi pamoja na kijumba cha kuwekea matandiko na hatamu. Wanawe wa kiume walikubaliana kulivunja na kuuza mawe. Binti yake, ambaye ni fundi wa cherehani huko Karatina na mama wa watoto wawili, aliyerudi kutoka kwa mumewe baada ya ndoa kumshinda, alinijia akasema: "Baba mdogo, mimi sitafuti ugomvi wa ekari. Hilo banda mnalotaka kulivunja, nipeni mimi."

Katika kikao cha jamaa, mzee mmoja alishika kichwa. "Binti wa watu akalale zizini? Watu watasemaje?" Shangazi yetu, ambaye umri haujamwibia ulimi, akamjibu: "Watu hao hao walisema nini alipokuwa akilala chumba kimoja na wanawe pamoja na jiko la makaa?" Mzee hakuwa na jawabu.

Hoja ya aibu ndiyo inayoyaua mabanda haya kuliko mvua na mchwa. Sisi wa Mlima Kenya tumefikia mahali ambapo mtu hupimwa kwa ukubwa wa nyumba aliyoijenga kijijini, hata kama nyumba hiyo ina vyumba 8 na hulala bawabu mmoja, mwenyewe akiwa Nairobi mwaka mzima. Wahenga walitwambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Pale Nyeri mjini, katika hoteli ya Outspan, kuna kijumba kiitwacho Paxtu. Aliyekaa humo tangu 1938 hadi alipofariki Januari 1941 ni Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mtu ambaye mapema katika karne hiyo aliwahi kuwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya askari wa farasi wa Uingereza. Baada yake, mwindaji mashuhuri Jim Corbett alikaa humo pamoja na dada yake hadi alipofariki 1955. Wageni husafiri kutoka mbali kukitazama kijumba hicho, wala sijasikia aliyekicheka kwa udogo wake.

Tena, huko London kwenyewe, nyuma ya majumba ya matajiri palikuwa na vichochoro vya mabanda, farasi wakilala chini na waendeshaji wa magari ya farasi wakilala darini. Magari ya mafuta yalipochukua nafasi ya farasi, mabanda yale yaligeuzwa hatua kwa hatua kuwa makao, na leo wenye fedha hushindana kuyanunua kwa bei ya kutisha. Ikiwa wajukuu wa mabwana hawaoni haya kulala palipolala farasi, haya yetu sisi yametoka wapi?

Wapo watakaotoa hoja nzito zaidi. Watasema kwamba mabanda hayo ni makovu ya ukoloni na yastahili kufutwa. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali. Mawe yale yalichongwa na babu zetu, yakabebwa na babu zetu, yakapangwa kwa mikono yao kwa ujira usiotosha chumvi. Kuyavunja na kuyauza kwa lori ni kuipoteza jasho yao mara ya pili. Mjukuu wa saisi kuwasha moto wake ndani ya kuta zile, akafunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, ni malipo yaliyochelewa. Isitoshe, banda lililokwisha simama halimegi shamba. Katika wilaya za kale za Nyeri, kuanzia Tetu hadi Othaya na Mukurwe-ini, kila nyumba mpya humeza sehemu ya udongo uliokuwa ukilisha watu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba kazi ni kupaka rangi na kuhamia. Adui mkubwa wa banda la farasi yumo sakafuni. Mkojo wa miaka mingi huacha chumvichumvi ambazo hupenya sakafu na sehemu ya chini ya ukuta. Chumvi hizo huvuta unyevu, na ukizifunika kwa plasta ya saruji, baada ya mvua za masika plasta itabambuka kama ganda la kidonda. Fundi mwenye busara hung'oa sakafu ya zamani yote, huondoa udongo ulionuka, hushindilia mawe na kokoto, hutandika karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu, ndipo amwage zege. Ukuta wa chini huachwa uchi ukauke, na kiangazi cha Januari na Februari ndicho kinachofaa kwa kazi hiyo. Kisha hupakwa plasta ya chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue.

Paa nalo lichunguzwe. Kama ni mabati yaliyoliwa na kutu, dawa ni kuyabadilisha. Kama ni vigae vya asbesto, asithubutu mtu kuvivunja kwa nyundo, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu. Viondolewe na wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Yale matundu ya hewa yaliyo juu yasizibwe yote, maana jiko la kuni au makaa katika chumba kisichopumua huua watu usingizini. Yawekewe wavu, na machache yatiwe vioo. Kwa baridi yetu ya Julai, dari ya mbao na bomba la moshi si anasa. Ile milango ya nusu mbili ni zawadi: nusu ya chini ijengwe kwa mawe, nusu ya juu iwe dirisha. Vyumba viwili vikiunganishwa huwa sebule. Kijumba cha matandiko huwa jiko. Ramani ipelekwe kwa serikali ya kaunti ipate idhini, na choo kipangwe kabla ya kochi.

Sasa nirejee kwenye neno nililoanza nalo, kwamba kazi hii haimaliziki kwa saruji. Kikao chetu kilipokubali hatimaye kwamba banda apewe binti, wote walipiga makofi. "Tumekupa," wakasema. Nilipouliza ni nani atakayeliandika neno hilo, kikao kizima kikaanza kukohoa. Hati ya shamba ingali katika jina la marehemu, kama zilivyo hati nyingi katika nyanda hizi.

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Binti akitumia akiba ya cherehani yake kung'oa sakafu, kuezeka paa na kuingiza maji, kisha siku moja ndugu aoe au auze, atakuwa na tofauti gani na yule saisi wa 1930? Naye alikuwa na paa. Kilichomtesa ni kwamba paa hilo lilikuwa la hisani. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, haibagui mtoto wa kiume na wa kike pale mzazi anapofariki bila wosia. Na Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi. Binti yetu hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa akiomba kidogo kuliko haki yake.

Njia inajulikana. Jamaa huomba mahakamani barua za usimamizi wa mali ya marehemu wakiorodhesha watoto wote bila kuficha yeyote. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze katika siku 30. Na baada ya miezi 6 tangu kutolewa kwa barua hizo, mahakama huweza kuthibitisha mgawo. Kwa shamba la kilimo, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi huhitajika kabla ya kuligawa vipande. Ni safari ndefu na ina gharama zake, lakini ni fupi kuliko kesi ya ndugu kwa ndugu. Ilituchukua vikao 3 wanawe wa kiume kukubali. Leo jina la dada yao limo katika orodha ya warithi, na mawe hayajauzwa. Fundi hajaitwa bado, na mimi ndiye niliyeshikilia asiitwe hadi mahakama iseme.

Kwa hivyo, msomaji mpendwa, ikiwa shambani kwenu kuna banda la kale, liwe la farasi, la ng'ombe au la kukaushia mazao, lipimeni kwa kamba kabla ya kulipima kwa nyundo. Ulizaneni ni nani katika ukoo asiye na pa kuweka kichwa. Kisha, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, nunueni karatasi na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makao yasiyoandikwa ni zizi, hata yawe na vioo madirishani.