Feni ya Gari Inapoacha Kupuliza

Madereva wa magari ya Serikali na wananchi wanaarifiwa kuwa feni ikisimama, si lazima mota iwe imekufa. Ikipuliza katika kasi ya juu kabisa tu, aghalabu kilichoungua ni rezista, kifaa kidogo kilichomo katika njia ya hewa. Kununua mota mpya ni hasara bure. Isipopuliza kabisa, ikaguliwe fyuzi kwanza. Iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya kama wafanyavyo baadhi, huweza kuunguza nyaya na kuliwasha gari moto. Fyuzi mpya ikikatika tena, gari lipelekwe kwa fundi umeme. Wakati wa masika matengenezo yasicheleweshwe, kwani feni hiyo ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele.