Boriti Nzima, Nyumba Chini

Kaskazi iliyopita jiko la jirani yetu pale Mtangani, Malindi, lilishika moto. Tulimwaga maji kwa ndoo, wapi! Kufumba na kufumbua paa lote likawa chini. Kulipopoa nilimsaidia babu kuokota boriti. Zilikuwa nyeusi tititi, lakini alipochonga moja kwa shoka, ndani ilikuwa nyekundu vilevile. Nikamwuliza, "Sasa babu, kama mti haukuungua, paa limeanguka kwa nini?"

Mti mnene hauungui wote kwa pamoja. Juu yake hufanyika tabaka la makaa, na makaa hayo huzuia joto lisipenye ndani haraka. Wataalamu wa ujenzi hukadiria kwamba mti mgumu huliwa na moto kama nusu milimita kwa dakika. Basi boriti ya unene wa sentimita 10, ikizungukwa na moto nusu saa, hubaki na sentimita 7. Lakini tusijidanganye: nguvu zake za kubeba hubaki kama thuluthi tu.

Makuti nayo ni mambo mengine. Jani ni jembamba, kavu, na hewa yapita kila upande. Cheche moja yatosha, na upepo huzipeleka nyingine kwa jirani. Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise kule Kikambala iliposhambuliwa kwa bomu, moto ulishika mapaa yake ya makuti.

Kumbe kilicholiangusha jiko letu lile ni kamba! Boriti na fito zilifungwa kwa kamba za makumbi. Kamba ikiungua, boriti hata iwe nzima yaenda chini. Wala msidhani chuma ndiyo dawa. Kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake.

Watu wa Gede ya kale waliezeka kwa njia nyingine: boriti chini, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, paa bapa. Cheche ikiangukia hapo hufa yenyewe. Ila gharama yake, mwenzangu, si ya jiko la kupikia wali!

Jirani ameezeka bati, na jiko amelitenga mbali na nyumba. Zile boriti alitaka kuzirudisha juu, babu akakataa katakata. Sasa ni nguzo za ua wa mbuzi.