Titi jipya lahitaji kukeshewa

MSOMAJI, tuseme dada yako anayeishi Kiganjo, kule Thika, aliondolewa titi kwa sababu ya saratani, na sasa madaktari wamemtengenezea jingine kwa ngozi na mafuta ya tumbo lake mwenyewe. Umeabiri matatu hadi hospitalini Nairobi, mwendo wa kilomita 40 hivi, ukitarajia kumkuta amelala. Badala yake, kila baada ya saa moja muuguzi anamfunua kifua, anamgusa, anambonyeza, kisha anaandika. Usikasirike. Kazi hiyo ndiyo itakayoamua iwapo titi hilo litaishi.

Nyama iliyohamishwa ni kama mche uliong'olewa ukapandwa kwingine. Mishipa yake, yenye upana wa milimita 2 au 3, huunganishwa na ya kifuani chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Hatari ni damu kuganda humo, na aghalabu hutokea katika siku 2 au 3 za mwanzo. Katika hospitali zenye uzoefu, nyama hiyo hufa kwa wagonjwa chini ya 5 kwa kila 100. Tatizo likitambuliwa mapema mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, mshipa ukazibuliwa. Saa 6 zikipita bila damu, matumaini hupungua sana.

Ikiziba ateri, inayoleta damu, nyama huwa baridi, hupauka na kulegea; ukiibonyeza na kuachilia, rangi yachelewa kurudi. Ikiziba vena, inayoondoa damu, nyama huvimba, hukaza na kuwa ya zambarau, na rangi hurudi upesi mno. Hali hii ya pili huwahadaa wengi, kwa kuwa titi huweza kuwa bado na joto.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya udaktari vililipuuza. Vyasema titi lenye afya ni la waridi. La nani? Mgonjwa wetu ni Mwafrika, na katika ngozi nyeusi mabadiliko hayo hujificha, hasa usiku chini ya balbu hafifu. Muuguzi hodari basi hategemei macho pekee. Huligusa kwa mgongo wa mkono akilinganisha joto lake na la ngozi iliyo karibu, huangalia uvimbe, na husikiliza kwa Doppler, kifaa kidogo kitoacho mvumo wa damu mshipani. Daktari akishuku, hudunga kwa sindano nyembamba. Damu nyekundu ikitoka polepole ni heri. Nyeusi inayobubujika yaonyesha vena imeziba. Isipotoka kabisa, ateri ndiyo yenye shida. Picha pia husaidia, mgonjwa akikubali, ili wa zamu ya usiku alinganishe na hali ya mchana.

Nawe una kazi. Dada akisema titi linakaza, linavimba au linauma kuliko awali, mwite muuguzi papo hapo. Usingoje daktari apite asubuhi. Mfunike blanketi asipate baridi, wala usimkumbatie kifuani. Sigara zisitajwe kabisa, maana hubana mishipa. Na ukisikia habari za ruba usicheke: mwaka wa 2004 Marekani iliidhinisha wadudu hao watumiwe kunyonya damu iliyotuama.

Akirudi Kiganjo, titi hilo litakosa hisia kwa miezi mingi, pengine daima. Baridi ya Julai ikifika, asiliwekee chupa ya maji moto wala kulisogeza karibu na jiko. Wako wanawake walioungua bila kujua. Asifunge leso kwa kubana. Mtungi wa lita 20 abebewe na mwingine kwa wiki 6 hivi, kwani tumbo nalo lina mshono. Akipata homa, au akiona usaha, arudi kliniki bila kungoja siku aliyopangiwa.