Mama, Shika Penseli

Wako akina mama wengi ambao wakiona namba hufunga ukurasa. Tangu shuleni waliambiwa kuwa hesabu ni za wavulana, wakaamini, na leo mtoto akileta daftari humjibu, "Mngoje baba yako." Binti aliye karibu hulisikia neno hilo na kuliweka moyoni. Ndiyo maana tumeona vema kuzungumza nanyi, akina mama wapenzi, juu ya fumbo la namba liitwalo sudoku. Ndani yake hakuna kujumlisha wala kuzidisha. Namba ni alama tu. Ukiweka picha za matunda tisa mahali pake, fumbo halibadiliki.

Aliyelibuni ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa jimbo la Indiana, Marekani. Lilichapishwa mwaka 1979 katika gazeti la mafumbo, bila jina lake, naye akiwa na umri wa miaka 74. Wajapani walilichukua mwaka 1984 na kulipa jina lenye maana kwamba kila namba ikae peke yake, kama mtu asiye na mwenzi. (Sisi tulioolewa turuhusiwe kucheka kidogo.) Mwaka 2004 jaji mstaafu kutoka New Zealand, Wayne Gould, alilipeleka kwa gazeti la The Times la London, na kuanzia hapo likaenea duniani.

Fumbo lenyewe ni mraba wenye visanduku 81, yaani mistari 9 ya kulala na 9 ya kusimama. Mistari minene huugawa mraba huo katika vyumba 9, kila chumba kikiwa na visanduku 9. Baadhi ya namba zimekwisha kuandikwa. Kazi yako ni kujaza nafasi zilizobaki ili kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila chumba kiwe na namba 1 hadi 9, bila namba yoyote kurudiwa.

Je, mgeni aanzie wapi? Atafute namba inayoonekana mara nyingi, tuseme 7. Tazama vyumba vitatu vya juu. Chumba cha kushoto kina 7 katika mstari wa kwanza, na cha kulia kina 7 katika mstari wa tatu. Basi 7 ya chumba cha katikati haina pa kukaa ila mstari wa pili. Hapo kuna visanduku vitatu. Viwili vikiwa vimejaa, umepata jibu. Kama viwili viko wazi, shuka na macho kwa kila kimoja: ukikuta 7 nyingine chini katika mstari uleule wa kusimama, kisanduku hicho kimefungwa, na 7 inakwenda kwa jirani yake. Fanya hivyo kwa namba moja baada ya nyingine. Mafumbo mepesi mengi humalizika kwa njia hii tu.

Ukikwama, andika kwa herufi ndogo pembeni mwa kisanduku namba zinazowezekana. Siku moja utaona visanduku viwili katika mstari mmoja, vyote vikiwa na 2 na 6 tu. Hujui bado ipi iko wapi, lakini unajua kwamba hakuna kisanduku kingine cha mstari huo kinachoweza kuwa na 2 wala 6. Zifute huko, na njia itafunguka.

Usibahatishe kamwe. Namba ya kubahatisha hukaa kimya mpaka umejaza visanduku ishirini, ndipo unakuta 4 mbili zinatazamana, wala hujui kosa lilianzia wapi. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu, na kila hatua ina sababu yake. Kwa hiyo penseli na ufutio, si kalamu. Na maharage yakiwa jikoni, tafadhali, ukurasa ungoje!

Wengine husema fumbo hili huzuia usahaulifu wa uzeeni. Tusiwadanganye. Uchunguzi wa Aberdeen, Scotland, uliotolewa mwaka 2018, haukuona kwamba mafumbo hupunguza kasi ya akili kuchoka. Waliozoea kuitumia akili walikuwa tu na akiba kubwa zaidi ya kuanzia. Nusu saa ya utulivu watoto wakiisha kulala inatosha kuwa sababu.

Kabla hawajalala, mchoreeni hili dogo, namba 1 hadi 4, vyumba vinne vya visanduku vinne. Nukta ni nafasi tupu.

1 2 . 4
. . 1 .
. 1 . .
4 . . 1

Anzeni na mstari wa juu, na binti ndiye ashike penseli.