Fahamu: Uharibifu wa mitambo ya upepo hugunduliwaje?

Julai 13, 2024, bawa lenye urefu wa mita 107 lilivunjika katika mradi wa Vineyard Wind, baharini nchini Marekani. Vipande vya povu na faiba vilisombwa hadi kisiwa cha Nantucket, na fukwe zikafungwa katikati ya msimu wa watalii.

Tatizo lilikuwa nini?

GE Vernova, iliyotengeneza bawa hilo, ilitaja gundi isiyoshika vizuri: kasoro ya kiwandani ambayo ukaguzi ulipaswa kuinasa. Ililazimika kupitia upya vipimo vya mabawa mengine.

Mafundi hutazama nini?

Bawa ni tabaka za faiba zilizounganishwa kwa gundi. Tabaka zikiachana ndani, nje halionekani lolote. Altrasaundi, ileile ya kliniki za wajawazito, hupenya humo na kuonyesha palipoachana. Droni ni nafuu na za haraka, ila huona ngozi tu: alama za radi, nyufa, ukingo uliolika kwa mvua.

Mtambo ukiwa kazini, vihisi hupima mtetemo. Kila muundo una mtetemo wake wa asili, nao hubadilika unapodhoofika. Kasheshe ni kwamba joto, barafu na kasi ya upepo huubadilisha pia, hivyo programu hulinganisha vipimo vya hali zinazofanana kabla ya kupiga kengele.

Je, Kenya?

Mradi wa Ziwa Turkana, Marsabit, una mitambo 365. Kila mmoja una mabawa matatu, yaani mabawa 1,095 ya kukaguliwa.