Rangi Imetoka, Sumu Je?

Nguo ikichuja nyumbani, hasara ni beseni moja na pengine shuka jeupe lililokuwa humo. Kiwandani kuchuja ni jambo la kila siku. Pamba haishiki rangi yote inayotiwa; inayobaki husuuzwa, na maji ya kusuuzia hutafuta mto. Huko Tiruppur, mji wa kusini mwa India unaoshona fulana zinazovaliwa dunia nzima, mto huo ni Noyyal. Bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kuwapa wakulima maji ya kumwagilia, likageuka shimo la maji taka ya rangi na chumvi. Wakulima wakashtaki, na Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru karakana za kutia rangi zifungwe.

Rangi nyingi za viwandani ni za jamii ya azo. Ndani ya molekuli zake kuna atomi mbili za nitrojeni zilizofungamana maradufu, na fungamano hilo ndilo kiini cha wekundu au umanjano tunaouona. Likikatika, rangi hufutika. Bakteria wanaweza kulikata, lakini si kwa kuila rangi, kama inavyosemwa mara nyingi. Wao hula sukari na wanga, na katika kula hupata elektroni ambazo lazima wazitue mahali. Penye hewa huitwika oksijeni mzigo huo, na rangi hawaigusi. Pasipo hewa, rangi ndiyo inayotwikwa, na fungamano la azo huvunjika. Ndiyo maana katika mtambo wa kusafisha maji hayo tangi la kwanza huzuiwa hewa na bakteria wake hulishwa. Bahati njema, maji ya kiwanda mara nyingi huja na wanga uliooshwa kwenye nyuzi.

Hapa namwomba msomaji asiridhike haraka. Maji yanayotoka kwenye tangi hilo yanaweza kuwa maangavu kabisa, na bado yakawa na sumu kali kuliko yalivyoingia. Rangi imekatwa vipande viitwavyo amini aromatiki, na vingi havionekani kwa macho. Kimojawapo, benzidini, kinachotokana na baadhi ya rangi za azo, husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Bakteria wa tangi la kwanza kwa kawaida hawaviwezi. Lazima liwepo la pili, linalopulizwa hewa mchana na usiku, lenye bakteria wengine ambao hao sasa huvila kweli, hata vikaishia kuwa kaboni dioksidi, maji na amonia. Hata humo vipo vipande vikaidi. Kwa hiyo nikionyeshwa glasi ya maji maangavu kando ya mtambo, naulizia kipimo cha amini.

Chumvi nayo haina bakteria wa kuila. Hutiwa kwa wingi ili rangi ishike kwenye pamba, nayo imeharibu mashamba mengi kando ya Noyyal. Ili karakana za Tiruppur ziruhusiwe kufanya kazi tena, ilibidi maji yakitoka kwa bakteria yasukumwe kwa shinikizo kubwa kupita kwenye utando mwembamba. Yale ya chumvi yanayosalia huchemshwa, kazi inayokula nishati nyingi, kisha chumvi hukusanywa na kurudishwa kutilia rangi fulana nyingine.